Kavira Wawili, Chupa Moja

Kama umeambiwa moyo wako una mlango usiofunguka vizuri, nakupa pole kwanza. Mimi nilipanda vilima vya Butembo miaka mingi nikihema na kudhani ni uvivu, na nilikuwa sijafika hata thelathini na tano. Mambo ya valvu na mishipa waulize waganga. Mimi nitakueleza yale ambayo waganga hawakuniambia, na la kwanza ni kwamba ugonjwa hautakufanya mtu mwema. Wengi husema mtu akiugua sana moyo wake hulainika. Mimi niliugua sana, na nikawa na kijicho kuliko mwanamke yeyote kati ya Lubero na Beni.

Naitwa Kavira. Kwetu Wanande jina hilo halichaguliwi. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira, na hesabu inaendelea hivyo. Ukisimama sokoni Butembo ukaita "Kavira!", wanawake ishirini watageuka. Ndiyo maana mtu wa kwetu akiitwa hakimbilii kuitika. Huuliza kwanza, "Kavira gani? Binti ya nani?" Hata mtoto anajua. Tafadhali likumbuke hilo, maana nitalihitaji mbele.

Nilianza kwa kulala nimekaa. Mto mmoja ukawa miwili, miwili ikawa mitatu, mwishoni nikawa nalala nimeegemea ukuta kama gunia la viazi. Miguu ilivimba. Nikibonyeza kidole juu ya kifundo, shimo lilibaki, na binti yangu Espérance alifanya mchezo wa kuyahesabu mashimo hayo. Nilichomwa sindano ya penisilini kila mwezi, na ile ikawa kalenda yangu: sindano ya kupanda maharage, sindano ya palizi, sindano ya kuvuna. Siku zile kulikuwa na vita, na kila msimu ulikuwa na askari wake. Wengine walitoka msituni, wengine walitoka upande wa mpaka, na sisi tulichojua ni barabara ipi imefungwa wiki hii.

Mume wangu, Baba Espérance, alipakia kabichi kwenye malori ya Kirumba. Si mtu mbaya. Lakini aliogopa ugonjwa kama paka anavyoogopa maji. Nilipoanza kuvimba alihamia chumba cha nje, na akinijulia hali alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu. "Uko bien?" Nikimjibu ndiyo alishukuru akaondoka. Nikimjibu hapana aliondoka vilevile, ila bila kushukuru.

Ndipo hospitali yetu ya misheni ikatangaza kwamba madaktari wa moyo kutoka ng'ambo watatua uwanja wetu wa Rughenda kwa ndege ndogo, wakae wiki mbili, wapasue watu wachache. Nikaandikwa kwenye orodha. Nililazwa siku nane kabla ya siku yangu, chumba cha vitanda viwili chenye dirisha linaloangalia ukungu. Na kwenye kitanda cha pili alikuwa Kavira mwingine.

Huyo alitoka Beni. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, mwembamba, mweupe wa ufizi, na mwenye mume. Nasema mwenye mume kwa sababu sijaona mume kama yule. Magari yalikuwa hayapiti, basi alikuja kwa baiskeli, kilomita zaidi ya hamsini za vilima na vizuizi vya askari, na mananasi mawili yamefungwa nyuma. Alipofika hakupumzika. Aliomba beseni, akatia maji ya vuguvugu, akaosha miguu ya mke wake iliyovimba, kidole kimoja kimoja, huku akimsimulia habari za mbuzi wao. Mimi niligeuka nikatazama ukungu. Ukungu wa Butembo hauna mengi ya kutazama.

"Yaya, kamata kipande," Kavira wa Beni aliniambia, akininyooshea nanasi. Aliniita yaya, dada mkubwa, tangu siku ya kwanza. "Mie peke siwezi maliza yote."

"Aksanti. Tumbo inaniuma."

Tumbo halikuniuma hata kidogo. Nilikataa kwa sababu sikutaka kula mapenzi ya mume wa mtu. Alipolala mchana nilinyoosha mkono nikachukua kipande kilichobaki kwenye sahani. Kilikuwa kitamu mno, na utamu wake ulinikasirisha.

Siku ya nne daktari mkubwa alikuja na muuguzi wa kwetu aliyemtafsiria. Alikuwa mtu mrefu mwenye macho ya usingizi. Alisema kuna dawa inayotiwa kwenye mshipa wakati wa kupasua moyo ili damu isimwagike ovyo. Ilitengenezwa kutoka kwa mapafu ya ng'ombe. Walikuja nayo ya kutosha, lakini katoni moja ilibaki uwanjani Rughenda, askari walitaka kuikagua, na bado walikuwa wanaikagua. Kwa siku yetu ilibaki ya kumtosha mtu mmoja. Kabla ya kuitoa yote watamchoma kidogo tu asubuhi ya upasuaji kumjaribu, kwani kuna watu ambao tone la kwanza huwafunga koo.

"Donc, basi," muuguzi alimalizia, "dawa ni ya Kavira wa Beni. Damu yake ni kidogo, ya bwana yake haikupatana na yake, na ndugu yake bengine barabara iliwafungia. Wewe, mama, uko na batu. Ndugu yako Kasereka alitoa damu, na mutoto wa shangazi alitoa. Chupa mbili ziko kwa frigo. Hapana kuogopa."

Uko na batu, yaani una watu wako. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilichosikia ni kwamba mwenzangu ana mume wa baiskeli, ana nanasi, ana ujana, na sasa ana dawa ya Wazungu pia, na mimi nina Kasereka. Nakwambia kweli, nililia chini ya blanketi. Na nilikuwa nimekula mapafu ya ng'ombe ya soko la Butembo tangu utotoni, kwa maharage na kwa ndizi. Kama kuna mtu aliyekuwa amezoeshwa dawa ile, niliona ni mimi. Akili ya mgonjwa mwenye wivu hufanya hesabu za namna hiyo na kuziona sawa.

Ikafika asubuhi yenyewe. Tulikuwa hatujala tangu jana. Kavira wa Beni alikuwa amelala akiuelekea ukuta, blanketi limefika sikioni. Mlango ukafunguliwa, akaingia mtawa muuguzi aliyekuja mwezi ule kutusaidia, mwenyeji wa upande wa Bukavu. Alikuwa mpole, mwenye mikono ya moto, na alikuwa hajui kabisa mambo ya majina yetu. Alibeba sinia lililofunikwa kitambaa cheupe.

"Kavira?" akaita. "Ni nani Kavira? Minaleta ile sindano ya kujaribu."

Kitanda cha pili hakikutikisika. Nami nilijua. Nataka uelewe vizuri hapa, maana nimesikia watu wakinitetea kwa kusema labda nilichanganyikiwa na njaa. Sikuchanganyikiwa. Nilijua sindano ni ya nani, na nilijua swali ambalo kila Mnande huuliza, lilikuwa limenijaa mdomoni. Binti ya nani? Nikalimeza.

"Ni mie, ma soeur," nikasema, nikanyoosha mkono.

Alinichoma. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda na saa yake, akiuliza kila mara kama ngozi inawasha, kama koo linabana. Nilisema hapana. Dakika zilipotimia aliandika kwenye kadi iliyoning'inia miguuni pangu, akanipapasa shavu. "Imekupokea muzuri. Basi wewe ndiye utaanza."

Kule ndani watu wote wamevaa barakoa na mgonjwa amefunikwa hadi kidevuni. Hawasomi sura, wanasoma kadi. Nakumbuka taa, na baridi ya meza mgongoni, na kuhesabu kwa Kifaransa mpaka sita.

Nilipoamka nilikuwa na bomba ubavuni na maumivu chini ya titi la kushoto kana kwamba nimepasuliwa kuni pale. Lakini hewa iliingia. Wewe unayesoma, siku yako ikifika utanielewa. Hewa iliingia mpaka chini kabisa, mahali ambapo haikuwa imefika kwa miaka. Mtawa alinilowesha midomo kwa pamba yenye maji, na nadhani hakuna kinywaji cha harusi kilichowahi kunipendeza kama pamba ile. Bomba langu lilitoa damu kidogo tu. Walilisifu, kana kwamba nimefanya kazi mimi.

Kasereka, ndugu yangu, aliingia jioni na uso umesawijika.

"Yaya, ule wa Beni bado iko mule ndani. Damu inatoka tu, haikatake. Zile chupa zetu mbili banamutia yeye. Baliniuliza, nikasema ndiyo. Nilifanya mubaya?"

"Ulifanya muzuri," nikamwambia.

Na hapo, na dawa yake ikiwa ndani ya mishipa yangu, unajua nilihisi nini? Niliona wivu juu ya damu. Damu ya Kasereka, mtoto wa mama yangu, sasa ilikuwa inazunguka ndani ya yule msichana, na mimi sikuwa nayo hata tone. Hofu ilikuja baadaye, na aibu baada ya hofu. Wivu ndio uliofika wa kwanza.

Walimrudisha akiwa rangi ya jivu. Siku tatu alikuwa kati ya kufa na kupona. Mume wake alipiga magoti pale chini bila kula, mtawa alisali rozari, wauguzi waliingia na kutoka, na wagonjwa wa vyumba vingine walisimama mlangoni wakilia taratibu. Kitanda changu kilikuwa umbali wa hatua mbili na hakuna aliyeniangalia. Nilimwomba Nyamuhanga, Mungu wa kwetu, asimwache afe. Katika sala ileile nilimwuliza kwa nini hata kufa kwake kunapendwa kuliko kupona kwangu. Sijui Mungu alizitenganisha vipi sala hizo mbili.

Siku ya tatu Baba Espérance alitokea, na kabichi mbili chini ya makwapa. Alisimama mlangoni kama kawaida yake. Kisha akazitua kabichi sakafuni, akavuka fremu, akaketi kitandani pangu. Alitazama bomba, akameza mate, akaushika mguu wangu juu ya blanketi, ule uliokuwa hauna mashimo tena. Katika ndoa yetu hiyo ilikuwa safari ndefu kuliko ya baiskeli kutoka Beni, ila mimi siku ile sikuiona. Nilikuwa nikitazama beseni la mwenzangu.

Asubuhi ya nne Kavira wa Beni alifungua macho na kuomba chai. Jioni yake tulisikia milio ya bunduki upande wa uwanja wa ndege, na madaktari wakaondoka kesho yake kabla ya siku yao. Karatasi za kutoka ziliandikwa haraka, zikinakiliwa kutoka kwenye orodha ya kwanza. Daktari mkubwa alipita akitupungia, na muuguzi akatutafsiria sote kwa pamoja neno lake la mwisho: aliyepewa dawa ya damu asikae kimya. Popote atakapopasuliwa tena aseme, kwa sababu mwili huikumbuka, na mara ya pili unaweza kuikataa kwa ukali. Nikaisoma karatasi yangu. Ilisema sikupewa. Yake ilisema amepewa. Niliikunja, nikaiweka ndani ya Biblia, nikaenda nyumbani.

Nilipona. Nilipanda kilima cha sokoni kwa kusimama mara mbili tu, kisha mara moja, kisha bila kusimama. Nilivuna maharage yangu mwenyewe. Baba Espérance alirudi chumba cha ndani. Kovu liliwasha kila mvua ilipokaribia, na kila lilipowasha nilimkumbuka yule msichana, na sikumtafuta. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi, hivyo nilidhani.

Miaka ikapita, barabara ikafunguliwa, Kasereka akanunua pikipiki akawa anabeba watu mpaka Beni. Siku moja katika msimu wa kupanda alirudi na habari.

"Ule Kavira wa damu yangu, mulango ya moyo yake ilianza kufunga tena. Banamupeleka Kampala, batamupasua mara ya pili."

Nilikuwa nachambua maharage. Niliyaacha. Kule Kampala wataisoma karatasi yake. Wataona amewahi kupewa ile dawa, wataogopa kumpa, na yule ambaye damu yake haikatiki atalala mezani bila kitu, kwa mara ya pili, kwa sababu ya mkono wangu. Safari hii Kasereka hatakuwa mlangoni na chupa mbili.

"Nipeleke," nikamwambia.

"Leo? Na hii matope?"

"Leo."

Nilichukua Biblia yenye karatasi yangu, na njiani nilitunga maneno. Tuliposhuka kutoka kwenye baridi yetu kuingia joto la Beni nilikuwa nimeyapanga yote: nitaanza na sinia, nitafuata na jina, nitamaliza na magoti. Nyumba yake niliionea wivu nikiwa bado juu ya pikipiki. Ilikuwa na mabati mapya na maua ya njano kwenye makopo. Yeye alikuwa ameketi barazani, amevimba miguu kama zamani, midomo ya buluu kidogo. Aliponiona alijaribu kuinuka, akashindwa, akacheka.

"Yaya! Ni wewe? Karibu, ikala. Bwana yangu iko kwa shamba." Mezani palikuwa na nanasi. Bila shaka.

Niliketi. Nilisema, "Kavira, nilikuja ju ya ile sindano ya asubuhi."

Akaacha kucheka. Akaweka kisu chini.

"Minajua," akasema. "Yaya, unisamehe."

Nilidhani sikusikia vizuri. Alikuwa ameinamisha kichwa, akikamua ncha ya kitenge chake.

"Sikukuwa nalala," akasema. "Ma soeur alipoita, nilisikia. Docteur alisema kuna batu tone ya kwanza inabafunga koo, mie sikulala siku tatu ju ya ile neno. Nikasema, nitanyamaza tu. Kama yaya ataitika, batamujaribu yeye kwanza. Akikufa, nitajua. Nilikusikiliza pale kwa blanketi nione kama utaendelea kupumua. Hapana siku moja nilikosa kufikiria ile. Nilitia kifo yangu kwa mukono yako, na wewe ukanipa damu ya ndugu yako."

Hotuba yangu yote, sinia na jina na magoti, ilikuwa bado imepangwa vizuri kichwani, na haikuwa na kazi tena. Nikamwambia kwa kifupi tu kwamba nilijua sindano ni yake na niliitaka.

"Uliitaka?" akauliza. "Ile kitu?"

"Niliitaka sana."

Akaanza kucheka, cheko la mtu asiye na pumzi, akishika kifua, na mimi nikacheka nikishika kovu langu mpaka Kasereka akachungulia kujua kuna nini. Tulimwambia aende zake. Kisha nikaitoa karatasi yangu ndani ya Biblia, naye akaileta ya kwake. Tukazipeleka siku hiyohiyo kwa daktari wa Beni. Akaandika upya: huyu hakupewa, huyu alipewa. Akazipiga mhuri zote mbili. Kwa karatasi ile alikwenda Kampala, akapewa dawa, akarudi.

Basi nikuombe wewe unayengoja siku yako. Wakikuita kitandani usiitike jina tupu. Sema wewe ni binti wa nani, wa kijiji gani, na umelala kitanda cha ngapi. Uliza kilichomo kwenye sinia ni cha nani. Karatasi yako isome kabla ya kuikunja. Na kama mwenzako amegeukia ukuta, mguse bega, hata kama mume wake anamwosha miguu.

Mimi kijicho bado ninacho. Jioni ile barazani, kabla hatujainuka kwenda kwa daktari, nilimwonea wivu mara moja zaidi, kwa sababu nilibeba toba yangu kutoka Butembo hadi Beni kwenye matope, na yule msichana akanitangulia hata kutubu. Aliona nimenuna. Alikata nanasi katikati, akaisukuma nusu upande wangu wa meza.

"Kula, Kavira," akasema.

Tulikuwa Kavira wawili pale, lakini safari hii aliyeitwa kweli ni mimi. Nikanyoosha mkono.